Nilimuuguza bundi niliyemlisha sumu mwenyewe

Nilimkuta asubuhi ya Jumanne, mwezi wa saba, chini ya benchi wanalokalia wateja nje ya mashine yangu ya kusaga hapa Mzumbe. Kwa mbali nilidhani ni kiroba kilichopeperushwa na upepo. Nilipoinama kukiokota, kiroba kikanigeuzia uso: mweupe, wenye umbo la kopa la karata, macho meusi yamefumba nusu. Akatoa sauti kama tairi la baiskeli linalotoka upepo. Bundi, mchana kweupe, yuko chini na haruki.

Kijana wangu wa mashine alirudi nyuma hatua tatu, ufagio mkononi. "Bosi, huyo katumwa."

Sina maelezo mazuri ya kwa nini sikumwacha apigwe ufagio. Labda ni kwa kuwa nafuga kuku, na ukifuga kuku unazoea kumwona ndege amezubaa na kujiuliza ana nini kabla ya kujiuliza nani kamleta. Nilimrushia shuka nikamzoa. Kucha zake zikapenya shuka na kuingia kwenye kidole gumba changu mpaka karibu na mfupa. Kwa hiyo mjue mapema: kwa bundi, mdomo si kitu, ogopa miguu. Mfunike kichwa ili asione, kisha shika miguu yote miwili juu kidogo ya nyayo kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Siku ile ya kwanza nilikosea karibu kila kitu. Nilimweka kwenye tenga la kuku, na akijipigapiga mle ndani akavunja manyoya matatu ya mkia. Nikampeleka sebuleni ili nimwangalie kwa karibu, na watoto wangu wawili wakakaa mbele yake kama wanaangalia katuni. Nikamnywesha maziwa kwa bomba la sindano. Nikamkatia nyama ya ng'ombe vipande, steki tupu bila mfupa, nikamlazimisha kumeza viwili. Mke wangu ndiye aliyesema, "Huyo anatetemeka, na wewe unamshindilia chakula."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ndege aliyedhoofika na kupoa hawezi kusaga chakula. Kinabaki ndani na kumharibu. Kinachotangulia ni joto, giza na ukimya, kisha maji mwilini, na chakula kinakuja mwisho. Maziwa ndege hana kazi nayo. Na usimmiminie maji mdomoni, kwani tundu la kupitishia pumzi liko hapo hapo nyuma ya ulimi na ni rahisi mno kumzamisha. Boksi la katoni lenye matundu madogo, taulo chini, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga upande mmoja ili akizidiwa na joto asogee, na mlango wa chumba ufungwe. Ningefanya hayo tu siku ile, ningekuwa nimemsaidia kuliko yote niliyohangaika nayo.

Daktari wa mifugo wa kwanza niliyempigia alisema kwenye simu ni mdondo huo, muue umfukie kabla kuku wako hawajaisha. Simlaumu sana. Kideri, yaani huo mdondo, ndicho kinachotumaliza sisi wafugaji, na ndege anayelegea shingo kila mtu anaona kideri. Ila aliniamsha kwenye jambo moja: nilikuwa natoka kumshika bundi nakwenda moja kwa moja bandani. Kuanzia hapo nikawa na ndala zangu za bundi na ndala za kuku, na sabuni katikati.

Kesho yake nikampakia kwenye boksi, nikachukua bajaji mpaka mjini Morogoro, kilomita kama ishirini, hadi kwa daktari mmoja pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA). Njia nzima dereva hakujua amebeba nini. Tulipofika Mindu, boksi likapuliza ile sauti ya tairi, akauliza kama nimebeba nyoka. Nikasema ndiyo. Niliona nyoka ana nafuu.

Daktari alimweka kwanza kwenye mizani: gramu 238. Akanishikisha kidari, nikahisi ule mfupa wa katikati umesimama kama mgongo wa kisu. Akamfungua mdomo. Kuku mzima ukimfungua mdomo unaona wekundu. Huyu ndani palikuwa peupe kama karatasi. Akasema kama angeona utando wa njano unaonuka, angefikiria ugonjwa wanaoupata wakila njiwa. Akainua bawa, na chini yake ngozi ilikuwa ya kijani. Nikadhani ni uozo. "Ndege akivilia damu ndani, ngozi inageuka kijani hivi," akasema. Kisha akachoma mshipa wa bawa kwa sindano nyembamba kuchukua tone la damu, akabandika pamba na kunipa mimi niibane. Nikabana dakika tano, damu inatoka. Dakika kumi, pamba ya pili, bado inachuruzika, maji maji, haigandi.

Akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwenu mnatumia sumu gani ya panya?"

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Baada ya mavuno, panya wanahama shambani wanaingia kwenye maghala, na mashine ya kusaga ni hoteli yao. Nilikuwa nimenunua kwa yule kijana anayepita na kipaza sauti, "dawa ya panya, mende, kunguni", pakiti nane za nafaka ya rangi ya bluu, nikamwaga nyuma ya magunia. Zilifanya kazi vizuri, na mimi nikasifia. Ambacho sikukijua ni kwamba sumu za aina hii, bromadioloni na ndugu yake brodifakumu, haziui panya pale pale. Zinazuia damu kuganda, na panya anaishi siku kadhaa, anaendelea kula ile nafaka, huku analegea. Anatoka mchana, anatembea katikati ya uwanja kama mlevi. Kwa bundi hicho ni chakula cha bure. Anakula mmoja leo, wawili kesho, na sumu inajikusanya kwenye ini lake mpaka siku damu inapoanza kuvuja kwa ndani. Panya wengi wa mashine yangu sikuwahi kuona mizoga yao, na nilikuwa nadhani wamekwenda kufia mbali.

Dawa ipo, na si ya ajabu: vitamini K1, ile ile wanayochomwa watoto wachanga hospitalini. Daktari akamchoma sindano ya kwanza, akamwekea maji ya dripu yaliyopashwa moto chini ya ngozi ya paja, akaniandikia ya kuendelea nayo nyumbani. Kipimo sikiandiki hapa, kinategemea uzito na aina ya sumu, na huyu ni ndege wa robo kilo. Ukikosea kidogo umekosea sana. Ila kosa langu nalitaja. Duka la kwanza la dawa hawakuwa na K1, mimi nikaona nina akili, nikaingia duka la pembejeo nikanunua unga wa vitamini wa kuku, umeandikwa vitamini K ubavuni. Nikampa siku mbili. Ile ni K3, na kwa sumu hii haifui dafu. Siku mbili nilizompa unga ule zilikuwa sawa na kutompa chochote, na yeye hakuwa na siku mbili za kupoteza. Nikarudi mjini nikatafuta K1 mpaka nikaipata.

Kabla sijaondoka, daktari alinituma ofisi ya wanyamapori. Watu wengi hawalijui hili: chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori si wako hata kama umemwokota uani kwako akiwa mgonjwa. Nilikwenda kwa woga, nikidhani nitaonekana mwindaji au mganga. Nikaandikishwa jina, mahali nilipomkuta, jina la daktari, na nikaambiwa nirudi kutoa taarifa siku ya kumwachia. Kikaratasi nilichopewa pale kilikuja kuniokoa baadaye, tena si kwa askari.

Chakula kilikuwa shule yake. Bundi anakula mnyama mzima: nyama, mfupa, ngozi na manyoya. Mifupa inampa madini, na manyoya yanamsaidia kutapika mabaki. Anayafinyanga tumboni na kuyatoa kama kidonge kikubwa cheusi, kikavu, kisicho na harufu ya kukera. Ukimlisha steki tupu wiki mbili unamvunja mifupa kwa ukarimu wako. Nilinunua vifaranga dume wa siku moja, wale ambao wafugaji wa kuku wa mayai hawawataki, shilingi mia tano kila mmoja, wakiwa wamekufa tayari, nikawagandisha kwenye friji. Friji hiyo hiyo ya familia. Mke wangu alivumilia mengi mwaka ule, lakini kufungua friji kutafuta samaki na kukutana na macho ya vifaranga arobaini, hilo analisimulia mpaka leo.

Siku za mwanzo nusu kifaranga tu, kimekatwakatwa, kimeyeyushwa na kupashwa mpaka kiwe vuguvugu, na dawa imefichwa ndani ya kiini cha yai kilichobaki tumboni mwa kifaranga, kwa sababu K1 inaingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta. Siku ya sita alfajiri nikakuta kidonge cheusi juu ya taulo. Nilikishika kama mtu aliyeokota pete.

Watoto walikuwa wameshampa jina, Mzee Kanzu. Daktari hakupenda. Alisema mwite namba, au usimwite kabisa. Ukishampa jina utataka akupende, na bundi anayekupenda wewe ni bundi aliyeharibika. Niliwakataza watoto chumba kile. Mimi mwenyewe nikawa naingia mara mbili kwa siku, nimefunga kitambaa usoni, siongei, natoka. Ni kitu kigumu kuliko sindano, kukaa kimya mbele ya kiumbe unayemhangaikia na kufurahi kwamba bado anakupulizia kwa hasira.

Sasa majirani.

Sitajifanya ni ujinga wao na mimi nilikuwa juu yao. Nimekua nikijua bundi akilia juu ya paa kuna msiba, na usiku wa kwanza, nitasema ukweli, nililala macho. Habari ilitoka kwa kijana wa mashine. Ndani ya wiki moja foleni ya asubuhi ilipungua, akina mama wakawa wanapita na madebe yao ya mahindi kwenda mashine ya upande wa pili, wananisalimia vizuri tu. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kukaa nasi mwezi mzima, akafungasha. Alisema, "Baba, mimi nakuheshimu, lakini siwezi kulala nyumba moja na huyo," akaenda kukaa kwa shemeji yangu Kilosa.

Kisha mtoto wa nyumba ya tatu akaugua homa kali. Usiku saa nne wakaja watu sita, wanaume, na tochi. Hawakupiga mtu. Walisimama uani na mmoja akauliza, "Jirani, unafuga nini humo ndani?" Nilitetemeka. Nikaenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji, akaja na shuka begani, nikamwonyesha karatasi ya wanyamapori yenye mhuri. Mhuri ulifanya kazi ambayo maneno yangu yasingeifanya. Mtoto alipimwa kesho yake, ni malaria, akapona, lakini hakuna aliyerudi kuniambia lolote.

Mwenyekiti ndiye aliyenipa wazo. Alisema watu hawaamini unachosema, wanaamini wanachokiona. Basi Jumapili nikaleta vidonge vile ambavyo bundi alikuwa ametapika, pamoja na vingine vikuukuu nilivyovikuta chini ya paa la mashine upande anaolala. Nikaviloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikavipasua kwa kijiti mbele ya watu. Vile vya kale ndivyo vilivyosema: mafuvu ya panya, madogo kama kucha ya kidole gumba, na meno yale ya mbele ya rangi ya chungwa. Tukayapanga kwenye sinia. Yalikuwa kumi na manne. Mzee mmoja, mkulima wa mahindi, akayahesabu mara mbili, akasema, "Hawa wote wangekula kwangu." Si kwamba kijiji kizima kiligeuka. Mashine ilirudi kama robo tatu ya wateja, wengine hawakurudi kabisa. Hiyo nayo iwekeni kwenye gharama.

Kwenye siku ya kumi na tisa nilikaribia kumuua mara ya pili. Alikuwa amefika gramu 290, analeta fujo, manyoya yanang'aa. Nikaona dawa za nini tena, nikaacha. Wiki hiyo hiyo mtoto wa jirani, kwa nia njema kabisa na akijua sasa bundi anakula nini, akaniletea panya aliyemkamata kwa mkono. Nikampa bundi. Sikujiuliza hata mara moja ni panya gani mzima anayekubali kukamatwa kwa mkono na mtoto wa miaka tisa.

Baada ya siku tatu nikamkuta amesinzia sakafuni, na tone la damu limekauka kwenye tundu la pua. Nikarudi SUA usiku kwa bodaboda, boksi nimelikumbatia. Nikamuuliza daktari, ni kwa sababu niliacha dawa au ni yule panya? Akasema, "Vyote viwili, na vyote umevifanya wewe." Nilikuwa nimestahili.

Yeyote atakayempata ndege wa sumu hii asikilize hapa: kupendeza hakuna maana. Sumu inakaa kwenye ini kwa wiki nyingi, na dawa inakwenda kama mwezi mmoja, hata ndege akiwa anarusha mateke. Dozi ikiisha, subiri siku mbili au tatu, kisha damu ipimwe tena kama inaganda. Na panya wa kuokota, hata mmoja, usimpe.

Tulianza upya. Dawa ilipoisha na damu ikaganda ndani ya dakika mbili chini ya kidole changu mwenyewe, nilihamisha magunia kutoka ghala la nyuma, mita saba kwa tatu. Madirisha nikayafunga kwa neti ya kivuli, sio waya, maana waya unakata manyoya ya bawa, na bawa ndilo leseni yake. Nikaweka vijiti viwili vya kutulia, kimoja kila upande, nimevizungushia kamba ya katani ili nyayo zisitoke vidonda. Ghala halikuwa refu la kutosha. Daktari alisema urefu mkubwa zaidi ungefaa, lakini hatukuwa nao, tukafidia kwa siku zaidi.

Namna ya kupima ilinifurahisha. Unaingia gizani, unasimama katikati, unafumba macho. Akiruka kutoka kijiti hiki hadi kile, usisikie kitu. Siku za mwanzo nilisikia fwu, fwu, kama mtu anakung'uta kanga, kwa kuwa alikuwa anahangaika. Kisha jioni moja nilisikia upepo tu kwenye shavu. Alikuwa amepita karibu na sikio langu na sikujua.

Kuhusu mkia uliovunjika niliogopa sana, lakini daktari alisema manyoya ya mkia yatang'oka yenyewe na kuota mapya kwa wakati wake. Angekuwa amevunja ya bawa ndipo ningekaa naye miezi. Mtihani wa mwisho ulikuwa panya weupe wa kufugwa, wasio na sumu, niliowanunua mjini. Niliwaachia mmoja mmoja kwenye beseni pana lenye majani makavu, usiku, taa imezimwa. Sikupenda, na sitajifanya nilipenda. Usiku wa kwanza alimkosa. Usiku wa pili na wa tatu, asubuhi beseni lilikuwa tupu.

Wapi pa kumwachia ndiko tulikobishana. Kanuni ni pale pale alipotoka, kwa sababu bundi mkubwa ana eneo lake, anajua mashimo yake, na huenda ana mwenzake. Lakini pale alipotoka ndipo palipo na sumu na watu wenye mawe. Tukakubaliana nianze na upande wangu. Nilifagia nafaka yote ya bluu, nikaifunga kwa namna daktari alivyonielekeza, nikaziba matundu ya ukuta kwa saruji na vipande vya bati, magunia nikayapandisha juu ya mbao, nikanunua mitego ya chuma kumi na mbili. Inachosha, kila asubuhi nakagua mitego kumi na mbili kabla sijawasha injini. Yule mzee mkulima wa mahindi akasema niachie upande wa shamba lake, kwenye mwembe mkubwa, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwangu. Kwa bundi hapo bado ni nyumbani.

Siku ikafika, nimeshatoa taarifa ofisini, gramu 326, mbingu safi. Tulikwenda saa moja kasoro jioni, mimi, mke wangu na yule mzee. Niliweka boksi chini ya mwembe, nikafungua kifuniko, nikarudi nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo kubwa. Alikaa ndani ya boksi dakika ishirini nzima. Mbu wakatula. Mzee akaanza kusimulia bei ya mbolea. Tulipogeuka, boksi lilikuwa tupu, na hakuna kati yetu watatu aliyemwona akiondoka.

Kwa wiki mbili nilikuwa naacha vifaranga viwili juu ya meza ndogo chini ya mwembe kila jioni, ili asipopata windo asilale njaa. Siku nne za kwanza vilichukuliwa. Inawezekana ni yeye, inawezekana ni fungo. Baada ya hapo vikawa vinabaki mpaka asubuhi, nikaacha kupeleka. Kwa hesabu ya daftari langu nilitumia laki tatu na elfu themanini, bila wateja waliopotea.

Mama mkwe alirudi mwezi wa kumi na moja. Usiku mmoja tumekaa uani, ikapita juu ya paa ile sauti ya kukwaruza, kama kitambaa kipya kinachanwa. Akanyamaza, akashika kanga yake. Nikasubiri aseme anafungasha.

"Ndiye yule wako?" akauliza.

Nikamwambia sijui, Mama, wote wanalia hivyo hivyo.

"Basi mwambie apite upande ule wa ghala," akasema. "Jana nimeona panya."